Ngozi inaniwaka, na mwenye kopo ni wifi yangu

Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Wete, kisiwani Pemba, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Nna sukari na presha, dawa nakunywa. Tangu hedhi ilipokatika, ngozi yangu si ile niliyoizoea. Miundi imekauka mpaka inatoa unga mweupe, viganja vimekunjana, na mashavuni pametoka mabaka meusi. Msimu wa karafuu nashinda uani kwenye majamvi, naanika, nageuza, naanua mvua ikija, na usiku tunakaa kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Jua la kuanikia nalijua tangu mdogo, sikuwahi kuliwazia.

Miezi kama mitano iliyopita wifi yangu, dada wa mume, alinipa kopo dogo jeupe lisilo na karatasi yoyote. Aliniambia ni krimu ya kurudisha ujana, anaichanganya mwenyewe kwa vitu anavyoletewa kutoka Dar. Nikapaka uso na shingo, asubuhi na usiku. Haikufika wiki mbili, watu wakaanza kuniuliza nakula nini. Mabaka yakafifia, uso ukalainika ukang'aa. Nikaongeza mikono na miguu.

Sasa mambo yamegeuka. Nikikaa siku mbili tatu bila kupaka, uso unawaka moto, unaiva, na vipele vidogo vinatoka kuzunguka mdomo. Nikipaka tena vinatulia. Mikononi ngozi imekuwa nyembamba. Nikigusa kingo ya mlango tu, damu inavilia chini kwa chini. Hata jua la asubuhi linaniuma. Na sukari yangu, iliyokuwa imetulia, imepanda. Kituoni wameniongezea dawa.

Miguu nayo inawasha, zaidi usiku. Kusi hii kuna baridi, kwa hiyo naoga maji ya moto. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvichumvi, sabuni nyengine hazitoi povu, natumia sabuni ya mche na dodoki. Nikimaliza najifuta nikauke vizuri, kisha napaka mafuta ya nazi niliyoyatia matone ya mafuta ya makonyo. Yanachoma kidogo, halafu muwasho unapoa.

Mdogo wangu aliyeko Maskati kaniletea mkoba: seramu ya vitamini C, krimu ya retino ya asilimia 1, na maji ya asidi ya kuchubua ngozi. Anasema nianze vyote ili nipendeze harusini.

Maana harusi ipo. Namuoza binti yangu mwezi wa Mfunguo Sita, zimebaki wiki kama tisa. Wifi ndiye somo, yaani kungwi, wa bi harusi, na singo ya kumsugulia mwili ataitwanga yeye, ya karafuu, asumini na mlangilangi, kama alivyofundishwa na marehemu mama yao. Kaahidi kunisinga na mimi, uso mpaka miguu, siku saba. Na bi harusi mwenyewe kaanza kupakwa ile krimu.

Nataka kuacha. Lakini naogopa uso kuniharibikia mbele ya wageni, na namuogopa wifi. Ni mjane, yale makopo ndiyo yanayosomesha wanawe. Nikisema neno nitaonekana namfungia riziki. Mume wangu nilipomgusia kaniambia, "Uzee huo, ukubali." Je, ni uzee tu? Na nikiamua kujitunza kwa vitu vyepesi, nianzie wapi, mtu mwenye udhu mara tano kwa siku na mjukuu wa miaka mitatu anayelala kifuani kwake?

Mama wa bi harusi, Wete

*

Waalaykum salaam, dada yangu, na hongera kwa kuozesha.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. Kuna ngozi ya mtu mzima inayolilia mafuta. Kuna krimu ambayo hata anayeichanganya huenda hajui yote yaliyomo. Na kuna wifi usiyetaka kumpoteza. Mumeo kayapa yote jina la uzee. Tuyatenganishe kwanza, maana dawa zake hazifanani.

Ukavu wa miundi, ndio, sehemu kubwa ni umri. Hedhi ikikatika, homoni ya estrojeni hushuka, tezi za mafuta hupunguza kazi, na ile kolajeni inayoipa ngozi unene inaweza kupungua karibu asilimia 30 katika miaka 5 ya mwanzo. Ngozi ya juu imejengwa kama ukuta wa Mji Mkongwe: chembe ni mawe, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo chokaa. Chokaa ikipungua, maji ya mwilini hutoka nje na vya nje vinavyokera huingia ndani. Muundi hutangulia kuumia kwa sababu una tezi chache za mafuta. Mabaka ya mashavuni nayo ni ya miaka mingi ya jua. Sisi wenye ngozi nyeusi uzee hutuonyesha mabaka kabla ya mikunjo.

Lakini ngozi kuwaka ukiacha krimu na kutulia ukiirudia, vipele kuzunguka mdomo, ngozi kuwa nyembamba katika muda wa miezi, damu kuvilia kwa mguso mdogo: huo sio mwendo wa uzee. Uzee hauji kwa miezi mitano, wala hauondoki siku ukipaka. Dalili hizo zinafanana sana na za mtu aliyetumia steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, kwa muda mrefu. Kwa kuliangalia kopo siwezi kukwambia mna nini ndani. Ila mikorogo ya namna hii mara nyingi hubeba kimoja au zaidi kati ya vitatu: steroidi kama klobetasoli, hidrokwinoni inayofifisha rangi, na zebaki. Klobetasoli ni dawa ya hospitali. Haikukusudiwa uso, na hata sehemu nyengine za mwili huwekewa mpaka wa wiki 2 mfululizo na gramu 50 kwa wiki. Hukausha wekundu na hufifisha rangi haraka, ndiyo maana wiki ya pili watu walikuuliza unakula nini.

Na hiyo sukari. Uliwaambia kituoni kuhusu krimu? Steroidi kali ikipakwa eneo kubwa hupenya mwilini na inaweza kupandisha sukari na presha. Huenda umeongezewa vidonge vya sukari kwa kitu kilichomo ndani ya kopo, na huenda sivyo. Daktari hawezi kulifikiria jambo ambalo hajaambiwa.

Tuje kwenye kuacha. Unazo njia tatu, na hakuna isiyo na gharama.

Unaweza kuendelea mpaka harusi ipite. Uso utakaa kama ulivyo, pengine. Lakini kila wiki inazidi kuipunguza ngozi, na krimu ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo la jicho, jambo ambalo mtu mwenye sukari halihitaji. Na kopo linalofuata si lazima liwe sawa na hili. Mchanganyiko wa mkono hauna kipimo.

Unaweza kuacha leo hii kwa mkupuo. Usoni, tarajia kuwaka, kuvimba kidogo na vipele, huenda wiki kadhaa, na kwa wengine zaidi. Hilo linavumilika. Linalonitia wasiwasi ni mikono na miguu. Umepaka eneo kubwa, mara mbili kwa siku, miezi mitano. Mwili ukipokea steroidi ya nje kiasi hicho, tezi zilizo juu ya figo zinaweza kulala, zikaacha kutengeneza ya kwako. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, uchovu wa kukuangusha, kutapika, na sukari kushuka chini badala ya kupanda. Ukiona hayo, usisubiri asubuhi, nenda hospitali na useme waziwazi kwamba umeacha krimu yenye steroidi.

Au unaweza kwenda na kopo lako kwa daktari wa ngozi, au daktari yeyote wa hospitali ya karibu, akakupangia kushuka kwa ngazi: dawa dhaifu zaidi, siku zikipunguzwa, huku akikupima sukari na presha. Hapa gharama ni nauli, foleni, na haya ya kulitoa kopo mkobani. Jua pia kwamba hata njia hii haina ahadi ya uso safi siku ya harusi. Ila wiki tisa ni muda wa maana. Ukianza zikiwa zimebaki tatu, mwasho wa kuacha unaweza kuangukia kwenye picha.

Kopo lenyewe usilitupe wala kulifukia karibu na kisima. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, liweke mbali na mtoto, uende nalo. Ikiwa mna zebaki, haikai usoni peke yake: huhamia kwenye foronya, taulo, kanga, na kwa mjukuu anayekulalia kifuani. Watoto huumia nayo haraka kuliko sisi. Foronya na mashuka yafuliwe, taulo yako iwe yako. Mwambie daktari kama unaumwa na kichwa mara kwa mara, mikono inatetemeka, unasahau sana au miguu inavimba, na uombe mkojo upimwe protini, kwa sababu zebaki hushambulia figo, na sukari na presha nazo hushambulia huko huko.

Sasa vitu vyepesi. Ni vichache, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa kuwa havina harufu ya maajabu.

Anza na maji. Yawe vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, na kuoga kusizidi dakika 5 mpaka 10. Maji ya moto huyeyusha mafuta machache uliyobakiwa nayo. Ngozi ina uchachu kidogo, pH karibu na 5. Sabuni ya mche inafika 9 au 10, ni sabuni ya nguo. Povu silo linalosafisha. Maji ya kisima cha nchi ya mawe ya matumbawe yana chokaa na chumvi, yanagandana na sabuni, na ule utando unabaki mwilini ukiwasha. Tafuta sabuni ya maji isiyo na harufu, au ya kipande iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi kavu, uitumie kwapani, sehemu za siri kwa nje, na nyayoni. Miundi na mikono inatosha maji. Uso asubuhi maji matupu; usiku sabuni laini mara moja, kuondoa vumbi na kinga ya jua. Kama unayo ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba, iweke ya kujisuuzia mwisho. Dodoki lipumzike, ngozi inayovilia damu kwa kugusa mlango haisuguliwi.

Ukitoka, usijikaushe kabisa kama unavyofanya sasa. Jigusishe taulo, uache unyevu, na upake ndani ya dakika 3. Mafuta juu ya ngozi kavu hung'arisha tu, hayana maji ya kuyafungia ndani. Kipimo ni hiki: kamua krimu mstari mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kiungo chake cha kwanza. Mguu mmoja unataka mistari 6 na unyayo 2, mkono mmoja 3 na kiganja 1, uso na shingo 2 na nusu. Watu wengi hupaka pungufu ya hapo wakasema krimu haifanyi kazi.

Krimu gani? Usoni kwa sasa, moja tu: isiyo na manukato, yenye giliserini au keramidi. Miundi ikishakuwa haina michubuko, krimu ya urea asilimia 10 usiku inalainisha kuliko chochote cha bei yake. Kwenye mipasuko huchoma, kwa hiyo hapo tumia mafuta mgando mpaka pafunge. Nyayo zako, kwa sababu ya sukari, ziangalie kila usiku kwenye mwanga, na usipake kitu kati ya vidole, hapo hukaa unyevu pakaota fangasi.

Mafuta ya nazi ya nyumbani ni mazuri kwa miguu na mikono. Yapike mpaka yaache kuchachatika, maana kilichobaki ndani na kuchachatika ni maji, na maji ndiyo yanayoyavundisha. Yachuje, yatie chupa ndogo, yakae kivulini. Ila ya makonyo yatoe. Mafuta ya makonyo yamejaa yujino, ile ile inayotia ganzi jino bovu. Unaona muwasho umepoa kwa sababu ngozi imetiwa ganzi, huku chini inaungua pole pole, na inaweza kujenga mzio utakaokusumbua hata kwenye pilau. Wakati wa kuchambua, ukiona vidole vinachonyota, vaa glavu nyembamba za pamba.

Kuhusu muwasho wa usiku, mwangalie mjukuu. Akijikuna naye, hasa katikati ya vidole na viunoni, huenda ni upele wenye wadudu, na hapo mnatibiwa nyumba nzima siku moja. Na ikiwa wiki 3 au 4 za kupaka vizuri hazikupunguza kitu na hakuna vipele vya kuonekana, omba wapime figo, ini na tezi ya shingo.

Udhu usikutie hofu. Masuala ya hukumu muulize sheikh wako; ninachoweza kukwambia mimi ni mpangilio. Losheni nyepesi hunywewa na ngozi katika dakika kadhaa, mafuta mgando hubaki juu kama utando. Kwa hiyo mazito yaache ya baada ya Isha, usiku kucha yafanye kazi. Baada ya udhu wa Alfajiri, uso ukiwa bado na unyevu, krimu, halafu kinga ya jua. Baada ya Adhuhuri na Alasiri, losheni kidogo mikononi na usoni, na kinga ya jua tena kama unatoka. Maji mara tano bila kupaka chochote hukausha viganja. Maji mara tano na losheni kila mara huvinywesha.

Jua la majamvini ndilo jambo ambalo ningelipa uzito kuliko mkoba wote wa Maskati. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Hakuna mwezi ambao jua la mchana ni dogo, hata kusi inapopoza hewa, kwa sababu miale inayochoma haina habari na baridi. Anika mapema, na kati ya saa nne asubuhi na saa kumi za jioni kazi ya kugeuza ifanywe na vijana, au ukae kibarazani uamrishe. Ukilazimika, kofia pana ya ukindu juu ya mtandio. Kanga iinue kwenye jua: ukiona mwanga unapita, miale nayo inapita, ikunje mara mbili. Kinga ya jua iwe SPF 30 au zaidi, mistari miwili, kila mmoja urefu wa kidole kizima, kwa uso na shingo, irudiwe kila saa 2 ukiwa nje. Kwa mabaka, ile yenye rangi ya ngozi inashinda nyeupe, kwani oksidi ya chuma iliyomo inazuia hata mwanga wa kawaida unaoyakoleza. Mbali ya hayo, haikuachi na uso wa majivu.

Mdogo wako amekuletea kila kitu isipokuwa hiyo. Mshukuru, na mkoba uufunge. Asidi ya kuchubua kwenye ngozi iliyokwisha chubuka ni kuongeza jeraha. Vitamini C ikipigwa na joto hugeuka rangi ya chai iliyokolea, na ikishafika hapo haina faida. Retino, aina ya vitamini A, ni kitu cha kweli, ina msaada kwa mikunjo na mabaka, lakini asilimia 1 ni kali kwa anayeanza, na hii si miezi yake. Ngozi ikishatulia kabisa kwa wiki 6 hivi, unaweza kutafuta ya asilimia 0.3 au chini, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, usiku mbili kwa wiki, juu ya krimu. Yaani baada ya harusi. Kitu chochote kipya kijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, usiku mara moja kwa siku 7.

Nimemuacha wifi mwisho kwa sababu hapo ndipo moyo wako ulipo mzito, na nina swali. Unaogopa kumfungia riziki, lakini je, una hakika yeye anajua anachouza? Mtu anayempaka mpwa wake na wifi yake kitu kwa mkono wake mwenyewe huenda anakiamini. Naye anakikoroga kwa vidole kila siku. Angalia mikono yake.

Ukishamuona daktari, unaweza kumwambia peke yenu, bila ya mume kuwa kati, kwa kuanzia na mwili wako: "Wifi, ngozi imekuwa nyembamba, damu inavilia, daktari kasema nisimame." Ni kweli, na halina neno la lawama. Hatari yake ni kwamba ataona ni lako peke yako, ataendelea na wengine. Unaweza kwenda naye kliniki, au kumuonyesha dalili zako na kumtajia kwamba zebaki na hidrokwinoni ni marufuku katika vipodozi vinavyouzwa nchini na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar hukamata. Hilo ni la kweli zaidi, na linaweza kusikika kama kitisho. Baadhi ya wanawake huanza kwa kumtafutia mtu njia nyengine kabla ya kumuondolea aliyonayo: mwenye mkono wa kutwanga singo na kupika mafuta ya nazi masafi anayo biashara mkononi, ingawa faida ya kopo haitaifikia upesi. Wewe ndiye unayemjua, unajua lipi atalipokea na lipi litamkata maini.

Na singo si lazima uikatae. Mwambie yako aitwange kando, bila karafuu wala ndimu: mawaridi, asumini, liwa, ule mti wa sandali, iliyosagwa laini kabisa, irowekwe kwenye maji ya waridi mpaka iwe uji. Ipakwe mabegani, mgongoni na mapajani, isiguse uso, shingo wala sehemu zinazovilia damu. Ikae dakika 10 na isiachwe ikauke ikavuta, ioshwe kwa maji bila kusugua, kisha krimu juu ya unyevu. Mara mbili katika wiki ile inatosha, na jaribu mahali padogo wiki moja kabla, kwani hata ua lina mzio wake. Usoni abaki na kazi ya kukupaka ile krimu yako isiyo na harufu. Atacheka, lakini mikono yake itakuwa imekupitia. Piko nyeusi ya nywele na ya kuchora iache, wewe na binti. Ile rangi huunguza hata ngozi nzima.

Lililonishtua zaidi kwenye barua yako ni lile ulilolipitia kwa mstari mmoja. Bi harusi hana mabaka wala miundi mikavu, na baada ya wiki tisa anaweza kuwa ameshika mimba. Zebaki hupita kwa mtoto tumboni, na hidrokwinoni na steroidi kali hazifai wakati huo; hata retino ya khalake asiiguse. Yeye kaanza juzi, kwa hiyo kuacha kwake bado ni kwepesi kuliko kwako. Mama unaweza kuwa na sababu za kusubiri kwa ngozi yako mwenyewe. Kwake sizioni, na maneno ya kumwambia unayo tayari: mwonyeshe mkono wako pale ulipogusa mlango.